Divai Nyuma ya Mishumaa

Hotelini alikofanya kazi walimwita Kiguu na Njia, na nyumbani hivyo hivyo, na wala hakukasirika. Angekasirikaje, na jina lenyewe lilikuwa la haki? Akipewa kiti, alikishika mgongo akasimama nyuma yake. Akipewa chai, aliinywa akitembea, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili unanyoosha pazia ambalo halikuwa limepinda. Mumewe, dereva mstaafu, mtu mpole aliyekaa usukani miaka thelathini na sasa anakaa barazani, alipenda kuwaambia wageni, "Magari yote niliyoendesha yalizimika. Hili nililolioa ndilo halina swichi." Wageni wakacheka, na mkewe akacheka nao, ila kicheko chake mke kilisikika kutoka mlangoni, maana alikwishafika huko.

Watu walidhani ni tabia tu, kama wengine walivyo wasahaulifu au wachoyo. Hawakujua ilikotoka. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na tangu hapo alilelewa kwa zamu: miaka miwili kwa bibi, mmoja kwa shangazi, mitatu kwa mama mdogo, halafu kwa mjomba, halafu akarudi kwa bibi. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemnyima chakula. Niseme ukweli, walikuwa watu wema. Lakini kila nyumba aliyoingia viti vilikuwa na wenyewe. "Ondoka hapo, hapo anakaa baba." "Sogea, hicho ni cha kaka yako." Mtoto akiambiwa sogea mara mia, mara ya mia na moja hangoji kuambiwa. Akajifunza kusimama. Akajifunza kwamba mtoto aliyesimama na ufagio mkononi hakuna anayemuuliza atahama lini.

Sasa sikiliza. Mwanamke huyu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa kwa muda wa kuchemsha yai, alikuwa na mahali pamoja alipokaa. Alikuwa mtunza stoo ya vinywaji katika hoteli ya vyumba arobaini. Stoo ilikuwa chini ya ngazi kuu, unashuka vidato saba, unafungua mlango mzito, baridi inakupokea. Kulikuwa na dirisha moja dogo la wavu wa chuma lililotazama sinki ya kuoshea glasi. Chupa za mvinyo zililazwa ubavu kwenye rafu ili vizibo visikauke, bia zikasimama kwenye kreti zake, na katikati pakawa na kigoda cha mbao. Kigoda kile alikikuta siku ya kwanza ya kazi, akauliza cha nani, akaambiwa, "Cha mwenye ufunguo." Akautazama ufunguo mkononi mwake. Alifunga mlango, akakaa, na miguu ikanyamaza.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita. Kila siku, kazi ya asubuhi ikiisha, alishuka, akafunga mlango kwa ndani na kukaa kama saa moja, mikono mapajani, bila kufanya lolote. Hakumwambia mtu. Waliompita kwenye korido walidhani anahesabu chupa.

Basi meneja mpya akaja. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake havina sauti, na maneno yake hayana kona. Jumatatu moja akamwita ofisini.

"Mama, kaa."

"Nashukuru, nimesimama."

"Haya. Wageni wanataka mvinyo mwekundu wa Kifaransa. Ule tulionao ni ghali, mgeni akiona bei anaagiza maji. Sasa kuna msambazaji amekuja na mpango wake. Ataleta vinywaji vyote yeye, atapanga yeye, na mtu wake atashika ufunguo wa stoo. Mimi nimeona ni jambo jema."

Aliposikia neno ufunguo, mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni.

"Na mimi?"

"Hilo ndilo nakuitia. Wewe ni mtu wa siku nyingi hapa, sitaki ionekane nimekufanyia haraka. Nitafutie mvinyo mwekundu wa Kifaransa, bei yake isizidi theluthi ya huu wa sasa, na usiniaibishe mezani. Ijumaa mchana tutaonja, wako na wa msambazaji. Wako ukishinda, mpango wake naurudisha, stoo inabaki yetu."

"Nikikosa?"

Meneja akacheka, si kwa ubaya. "Tutakutafutia kazi nyingine. Wewe mama huwezi kukosa pa kuzungukia."

Akauliza swali moja kabla ya kutoka, maana kuuliza si ujinga: anautaka mvinyo wa namna gani? Meneja akajishika mashavu kwa vidole viwili. "Sitaki juisi. Nataka ushike mdomo kidogo halafu uachie. Ulimi ujue kuna mtu kapita."

Siku nne. Kwa mtu mwingine ningesema zilimkimbiza mchakamchaka, lakini huyu alikuwa akikimbia tangu utotoni, kwa hiyo niseme tu zilimnyima pumzi. Jumanne alianza na maduka makubwa. Akakuta chupa zimesimamishwa dirishani kama wanajeshi, jua linazipiga tangu asubuhi. Akagusa moja, ina joto la mtoto mwenye homa. Akairudisha. Akaenda kwa wauza jumla nyuma ya stendi.

"Hii ni ya Ufaransa?"

"Mama, si unaona chupa? Chupa ya Ufaransa hiyo."

"Na kilichomo?"

"Kilichomo nacho kimo."

Alinunua sita za bei nafuu, tofauti tofauti, akazionja stoo huku ametia ndoo mbele yake. Pombe hakuipenda hata siku moja, alikuwa anaonja na kutema, kama mpishi aliyeshiba anavyoonja chumvi. Ulimi wake aliufundisha mwenyewe kwa miaka kumi na saba. Ya kwanza ilikuwa na picha ya kasri, ikaonja kama dawa ya kikohozi. Ya pili nayo kasri, kubwa zaidi, siki tupu. Ya tatu tamu, mtoto angeinywa na biskuti. Hapo ndipo alipoamua kwamba mtu anayekuchorea kasri kwenye lebo ana jambo anakuficha, na mpaka leo humtoi kwenye imani hiyo.

Jumatano akazunguka tena, upande wa pili wa mji. Jioni alirudi miguu imevimba, mumewe akamwekea beseni la maji ya vuguvugu.

"Kaa, mke wangu, uloweke miguu."

"Nitailoweka nimesimama."

Akasimama ndani ya beseni, sebuleni, kama mtu anayesubiri kuvushwa. Mumewe akaleta taulo. "Hivi ufunguo wenyewe una nini? Kazi ni kazi. Wakikuweka jikoni, si utazunguka jikoni?"

Angemjibu nini? Kwamba kuna kigoda? Alimpenda yule mzee, na alijua angemwelewa nusu, halafu nusu nyingine angewasimulia wageni barazani. Akasema maji yamepoa.

Alhamisi asubuhi alishuka stoo mapema, akafunga mlango, akakaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, miguu haikunyamaza. Goti lilikuwa linacheza peke yake. Alilishika kwa mikono miwili, likahamia la pili. Alitaka kulia, akaona hata kulia kunahitaji utulivu.

Ndipo akasikia sauti dirishani, upande wa sinki. Ilikuwa sauti ya wifi yake.

Huyu wifi lazima nimweleze. Alikuwa dada wa mumewe, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akiosha glasi katika hoteli ile ile, kwenye sinki ile ile, amesimama kwenye kigae kile kile. Mama mzito, mtulivu, mwenye ulimi ambao kama ungekuwa kisu wangemtaka auache getini. Miezi minne nyuma, mbele ya ukoo mzima, Kiguu na Njia alipopita na sinia kwa mara ya kumi, wifi alisema kwa sauti ya kutosha, "Kaka yangu hakuoa mke, kaoa miguu. Na wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu waliangua kicheko, hata mume akatabasamu kwa bahati mbaya. Tangu siku ile wawili wale hawakusemeshana. Kazini waliongea kupitia kwa mpishi mkuu, ambaye alichoka kuwa posta.

Asubuhi hiyo wifi alikuwa anamsimulia mpishi habari za kanisani kwake, ambako yeye na akina mama wenzake ndio waliotunza vyombo vya altare.

"Yaani mwaka huu tumeletewa divai, usiombe! Imeandikwa Kifaransa juu mpaka chini. Tukaionja kamati nzima kabla ya kumpelekea padre. Weee! Ukakasi mtupu! Meno yanakaa kama umetafuna ndizi mbichi. Inakushika mashavu hapa na hapa. Mwenyekiti wetu kakunja uso, nikadhani jino limemtoka. Tumeirudisha dukani."

Ndani ya stoo goti liliacha kucheza.

Ukakasi. Siku tatu alikuwa anatafuta kitu ambacho meneja hakuwa na jina lake, akakionyesha kwa vidole, na jina lilikuwepo muda wote, kila mtoto aliyepanda mti kula embe bichi analijua. Inakushika mashavu hapa na hapa. Kiguu na Njia alisimama, akafika dirishani, akasimama tena. Miezi minne ni mingi, na yeye ndiye aliyekosewa. Kwa nini mkosewa ndiye aanze?

"Mpishi," akasema kupitia wavu, "muulize huyo dada, duka lenyewe liko wapi."

Mpishi akageuka. "Anauliza duka liko wapi."

"Mwambie anayeuliza kwamba masikio ninayo," wifi akasema. "Na mdomo anao."

Maji yakawa yanatiririka kwenye sinki. Kiguu na Njia akafikiria ufunguo, akafikiria kigoda, akameza kitu kikubwa kuliko mate.

"Wifi," akasema, "naomba unisaidie."

Wifi akafunga bomba. Hakucheka, na alikuwa na nafasi yote ya kucheka. Akajifuta mikono kwenye aproni polepole, kidole kimoja kimoja. "Saa ya mapumziko nitakupeleka," akasema. "Peke yako hutalipata, utalipita mara tatu kwa hizo mbio zako."

Wakaenda. Kiguu na Njia alikuwa mbele hatua kumi, anarudi, anakwenda tena. "Kutembea na wewe," wifi akalalamika, "ni kama kufukuzwa na mbwa." Lakini alimwonyesha uchochoro nyuma ya fundi cherehani, na mlango wa bluu ambao kweli angeupita.

Lilikuwa duka la vifaa vya kanisa: vitambaa vya altare, hostia kwenye mifuko, misalaba ya ukubwa wote, na mishumaa, mishumaa, mishumaa, mirefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwenye duka alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu. Alivaa miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kwenye paji la uso. Aliposikia wamefuata divai ya Kifaransa, alidhani wamekuja kumsuta.

"Jamani, nimeshaomba radhi! Kosa ni langu na si langu. Kila mwaka naagiza kwa muuzaji yule yule, naandika 'divai nyekundu, katoni ishirini'. Huwa hatuandiki tamu. Sisi watu wa kanisa, ukisema divai umeshasema tamu. Kuna haja ya kuandika sukari tamu? Sasa mwaka huu pale ofisini kwao kaingia karani mgeni. Kwake yeye divai ni divai, akaangalia iliyo nyekundu na ya bei ndogo, akapakia. Nimeshatia sahihi, hawaichukui. Parokia hawaitaki, baa hawaji kununua kwangu. Imekaa hapo nyuma miezi saba, imenizibia njia ya choo."

"Naomba kuiona," Kiguu na Njia akasema.

Katoni zilipangwa nyuma kabisa, gizani, nyuma ya rafu za mishumaa, na chupa zimelala. Mwalimu alizilaza ili zisidondoke, hakujua zaidi ya hapo. Kiguu na Njia hakugusa chupa kwanza. Aligusa mishumaa. Akavuta mmoja, akaukagua, akavuta wa pili. Yote ilikuwa imenyooka wima, haijapinda hata kidogo, haijashikana. Akamgeukia Mwalimu.

"Mishumaa hii ina muda gani hapa?"

"Hiyo? Mwaka na zaidi. Mbona?"

"Haijainama."

"Iiname kwa nini? Humu ndani ni baridi mwaka mzima, baridi yabisi imenianza humu humu."

Mahali ambapo mshumaa haukuinama, mvinyo haukuungua. Moyo ulianza kumwenda mbio, na safari hii si miguu. Akatoa chupa moja. Lebo ilikuwa nyeupe, herufi ndogo, mwaka wa mavuno wa miaka minne nyuma, jina la kijiji fulani, na hakuna kasri. Akatoa kizibuo kwenye mkoba, maana mtunza stoo hatembei bila kizibuo, akakivuta kizibo taratibu. Kilikuwa kimelowa upande mmoja tu, kama inavyotakiwa. Mwalimu akampa kikombe cha chai.

Ilinukia zambarau zilizoiva sana, na kwa mbali udongo uliopata manyunyu. Akaonja. Mwanzoni ilikuwa laini, karibu ajute. Kisha ukakasi ukaja, ukamshika mashavu, hapa na hapa, ukatulia pale kwa muda, halafu ukaachia polepole kama mkono wa mtu anayekuaga bila kutaka uondoke. Alisahau kutema. Alimeza, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba.

"Si nilikwambia?" wifi akasema akimwangalia uso. "Kama ndizi mbichi."

"Wifi," akasema, "hii ndiyo yenyewe."

"Wewe umechanganyikiwa."

"Hii ndiyo, nakuapia."

Bei aliyotaja Mwalimu, kwa pesa ya chupa moja ya sasa ya hoteli ungebeba tatu na kuomba ubebewe. Kiguu na Njia alitaka kukubali papo hapo. Wifi akamkanyaga mguu, akaanza kupatana, akapunguza zaidi, na Mwalimu akakubali kwa furaha ya mtu anayerudishiwa njia ya choo. Katoni zilizobaki, baada ya parokia kuonja, zilikuwa kumi na nane.

Ijumaa mchana meza ilitandikwa karibu na dirisha la ukumbi wa kulia. Chupa tatu zilifungwa vitambaa vya meza zisionekane, na wifi ndiye aliyezifunga shingoni kwa nyuzi, na glasi zake mguuni vivyo hivyo: uzi mweupe ule wa sasa wa hoteli, wa bluu wa msambazaji, mweusi wa nyuma ya mishumaa. Walioonja walikuwa meneja, mpishi mkuu, wageni wawili wa kila mara, na msambazaji mwenyewe, bwana mwenye tai na manukato yaliyotangulia kuonja kabla ya watu.

Kiguu na Njia alisimama karibu na kabati. Akaenda mlangoni. Akarudi kabatini. "Mama," meneja akasema, "unanizungusha kichwa." Akatoka koridoni, akawa anasikiliza kwa sikio lililobanwa mlangoni, uzito ukihama mguu huu kwenda ule.

Msambazaji hakunyamaza hata alipokuwa anameza. Pua yake iliutambua mvinyo wake mara moja, na tangu hapo kila aliposhika glasi ya uzi wa bluu alifumba macho na kusema, "Ehee! Hii! Mnaisikia hii?" Wageni, watu wa adabu, wakasema wanaisikia. Mpishi akasema naye anaisikia. Meneja akaandika kitu kwenye karatasi, akasema, "Kwa kweli ya bluu ina hadhi." Wakaendelea na chakula, wakanywa huku wakizungumza habari nyingine, na kila aliyeulizwa alisema ya bluu, ya bluu.

Koridoni, Kiguu na Njia aliutoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa na joto la mwili wake. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa: sogea, hapo anakaa mtu mwingine. Ana miaka hamsini na mbili na bado anaambiwa sogea.

Wifi akampita na sinia kubwa kwenda kutoa vyombo. Aliingia kwa mwendo wake ule wa taratibu, akaanza kukusanya glasi, lakini hakuziweka zikichanganyika. Alizipanga kwa safu tatu. Alipomaliza hakuondoka.

"Meneja, naomba kusema neno."

"Sema, mama."

"Mimi ni muosha glasi. Mambo ya hadhi siyajui. Ila miaka kumi na minne nimemwaga kilichobaki, kwa hiyo midomo ya watu naijua kwa wanachoacha." Akainua glasi ya safu ya kwanza. "Hizi za uzi mweupe, kila mtu kaacha vidole viwili. Hizi za bluu mmezisifu, na mmeacha nusu nusu, pamoja na wewe bwana mwenyewe." Msambazaji akaitazama glasi yake kama iliyomsaliti. "Hizi za uzi mweusi hazikusifiwa na mtu. Na sina cha kumwaga."

Alizipindua zote tano juu ya sinia. Halikudondoka tone.

Meneja alichukua glasi yake ya tatu, akaitazama kwenye mwanga, na ikaonekana wazi kwamba hakumbuki alipoimaliza.

"Wahenga walisema," wifi akaendelea, na msambazaji akiwa mbele yake na tai yake na manukato yake, "kizuri chajiuza…"

Hapo akamwona Kiguu na Njia amesimama mlangoni. Macho yao yakakutana. Methali ile ina nusu ya pili, na kila mtu mle ndani alikuwa anaingoja. Wifi aliifunga mdomoni, akachukua sinia, akaenda zake jikoni. Kama kuna namna bora ya kuomba msamaha, mimi sijaiona.

Meneja alifungua kitambaa cha chupa ya tatu, akasoma lebo, akauliza bei. Alipotajiwa aliuliza tena. Akainuka, akampa Kiguu na Njia mkono wa heshima, mikono miwili.

"Umeutoa wapi huu?"

"Nimetembea."

"Mtembea bure si sawa na mkaa bure!" Meneja akacheka, akamgeukia msambazaji, akamshukuru kwa maneno mazuri yasiyo na kona, na yule bwana akaondoka na manukato yake. Mpango wa stoo ulikufa pale pale. Kiguu na Njia alihisi miguu inataka kushuka vile vidato saba mbio.

"Sasa mama," meneja akasema, "nimefanya kosa moja, na leo nalisahihisha. Mtu mwenye miguu kama yako tumemfungia chini ya ngazi miaka kumi na saba! Ni dhambi. Kuanzia Jumatatu wewe ni mnunuzi wa hoteli. Gari, dereva, mshahara juu. Mvinyo, mboga, mashuka, chochote, nenda katutafutie kilichojificha."

"Na ufunguo?"

"Usihofu, hautoki nje. Tutampa mtu anayetulia. Huyu mama wa glasi, miaka yote hii sijaambiwa amewahi kusogea."

Wote walipiga makofi. Naye akashukuru, maana alilelewa na watu wema akajua kushukuru. Angesemaje? Kwamba anajua kukaa? Nani angemwamini? Angeambiwa aonyeshe, na palepale angeshindwa. Alikuwa ameshinda, na amepoteza kile kile alichokipigania, na aliyempokonya alikuwa anamtakia mema. Uchungu huo hauna wa kumlaumu, ndiyo maana hautemeki.

Jumatatu asubuhi walishuka pamoja vidato saba. Gari la hoteli lilikuwa linanguruma nje, dereva yuko tayari. Kiguu na Njia alimwonyesha wifi kila kitu kwa haraka: hizi laza, hizi simamisha, hizi toa kwanza, mlango unasukuma kwa bega. Katoni za Mwalimu, kumi na saba baada ya moja kunywewa mwishoni mwa wiki, zilikuwa zimepangwa ukutani. Akautoa ufunguo, akamwekea kiganjani, akageuka kuondoka.

Wifi hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya kigoda. Akainama kwa shida, maana mwili ni mzito, akapitisha mkono juu yake. Mbao ilikuwa ngumu, ya miti ile isiyoliwa na mchwa, na katikati ilikuwa imechimbika, laini, inang'aa, mabonde mawili kamili ya mtu aliyekaa.

"Kigoda hiki," wifi akauliza taratibu, "kimekaliwa na nani mpaka kikawa hivi?"

Kiguu na Njia alikwishafika mlangoni. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Nimekuuliza. Nani mwingine alikuwa na ufunguo?"

"Hakuna."

"Miaka kumi na saba?"

"Kila siku saa moja."

Wifi alikitazama kigoda, akamtazama mke wa kaka yake, akakitazama tena. Nje honi ililia mara moja. Wifi akavuta kreti tupu ya bia, akaipindua, akaikalia yeye mwenyewe. Akakisogeza kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia mwenziwe.

Honi ikalia tena, mara mbili. Wifi aliinua kichwa kuelekea dirisha la wavu, akapaza sauti mpaka jikoni wakasikia.

"Mwambieni asubiri! Wifi yangu amekaa."